Sauti za Mwisho wa Karne

Msomaji mpenzi, ukipata nafasi ya kupanda ngazi za majengo ya ghorofa ya Nyayo Highrise, jijini Nairobi, simama juu utazame. Hapo chini zimetandaa paa za mabati za Kibera, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari Wanubi waliotumikia jeshi la Waingereza. Kati ya nyumba hizo imepita reli iendayo Kisumu. Na ng'ambo ya barabara ya Ngong uko mtaa wa Kawangware. Ukisha kutazama, fumba macho usikilize. Utasikia adhana, nyimbo za kanisani, kelele za wachuuzi, honi za matatu, na muziki mwingi usio na idadi. Macho yamekuonyesha watu wanavyokaa. Masikio yatakueleza wanavyofikiri. Katika insha hii nakuomba uyaamini masikio, maana nataka tuzungumze juu ya albamu za muziki zilizotoka kati ya mwaka 1997 na 2003.

Kwanza tuelewane maana ya albamu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri iliyozunguka polepole, nayo ikaweza kubeba nyimbo nyingi kuliko santuri za zamani zilizokwisha kwa dakika chache. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ikaleta kanda ndogo, na mwaka 1982 zikaanza kuuzwa sahani ndogo zisomwazo kwa mwanga. Vyombo hivi vilimpa mwanamuziki nafasi kubwa: yule aliyekuwa akisema neno moja na kunyamaza, sasa akaweza kutoa hotuba nzima. Wanamuziki wa roki waliitumia nafasi hiyo kwa ustadi. Mwaka 1997 kundi la Radiohead la Uingereza lilitoa OK Computer, albamu inayotazama kwa wasiwasi maisha ya mtu aliyezungukwa na mashine. Mwaka 2000 kundi la Linkin Park la Marekani likatoa Hybrid Theory, likachanganya magitaa mazito ya roki na ushairi wa kufokafoka.

Wakati huo huo vijana wa Nairobi walikuwa na hotuba yao wenyewe. Walipataje kuitoa? Sababu zake ni nyingi, lakini tatu zatosha. Ya kwanza ni ya siasa: Desemba 1991 sheria iliyoruhusu chama kimoja tu ilifutwa, na watu wakaanza kusema waziwazi mambo waliyokuwa wakiyanong'ona. Ya pili ni redio: mwaka 1996 Capital FM ilianza kutangaza, na mwaka 2000 ikafuata Kameme FM kwa lugha ya Kikuyu, hata shirika la serikali halikuwa tena na sauti ya peke yake hewani. Ya tatu ni ufundi: kwa msaada wa kompyuta, chumba kidogo na mtayarishaji hodari kama Tedd Josiah viliweza kufanya kazi iliyohitaji zamani bendi nzima. Tena kanda ilikuwa rahisi kununua, rahisi kuazimana, na utepe wake ulipochomoka mtu aliurudisha kwa kuizungusha kwa kalamu ya risasi. Matatu nazo zilikuwa wapiga mbiu wa muziki huo. Wimbo uliozaliwa Dandora, mashariki ya jiji, ulivuka mji mzima kwa nauli ya abiria ukafika Kibera.

Sasa zitazame kazi zenyewe. Mwaka 1997 Hardstone alitoa Nuting But De Stone, naye hakuona haya kuutia Ukikuyu katika midundo ya kigeni. Mnamo mwaka 2000 Gidi Gidi Maji Maji walitoa Ismarwa, jina la Kidholuo lenye maana ya kwamba kitu hiki ni chetu. Na Kidholuo ni lugha isikikayo sana Kibera. Mwaka 2001 Kalamashaka, vijana wa Dandora, walitoa Ni Wakati, wakaeleza kwa Kiswahili na Sheng taabu za mtaa wao. Mwaka 2003 ikatoka Nimefika ya E-Sir, kijana aliyezaliwa Mombasa akakulia South C, ambaye Kiswahili kilimtii kama maji yanavyoutii mfereji. Alifariki kwa ajali ya gari Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 21.

Nimeiacha makusudi albamu moja, kwa kuwa ndiyo itakayonisaidia kukupa hoja yangu. Mwaka 2001 Eric Wainaina alitoa Sawa Sawa. Humo mna wimbo uitwao Daima, unaotangaza mapenzi kwa Kenya. Na humo humo mna Nchi ya Kitu Kidogo, unaoishutumu nchi hiyo hiyo kwa hongo. Mtu asikiaye wa kwanza peke yake atasema mwimbaji huyu ni wa kusifu tu. Asikiaye wa pili peke yake atasema ni mlalamikaji. Bali asikiaye albamu nzima atafahamu kwamba mtu mmoja aweza kuipenda nchi yake na kuikemea, na kwamba kukemea kwake kunatoka katika kupenda kwake. Ukweli huo haumo katika wimbo mmoja. Umo katika albamu.

Wimbo ukitengwa na waliouimba waweza kupata maana nyingine kabisa. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, neno lililoundwa kwa kitenzi cha Kidholuo chenye maana ya kutisha. Walikuwa wakijitia moyo wao wenyewe, wasikubali kuvunjwa na shida za maisha. Wanasiasa wa muungano wa NARC wakaukamata, wakautumia katika kampeni, na katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002 wakashinda. Leo wengi waukumbuka kama wimbo wa uchaguzi, na wamesahau kwamba ulianza kama sauti ya vijana wawili.

Walikuwako wazee waliosema, "Ngoma ivumayo haidumu." Walikuwa na haki kwa sehemu, kwani nyimbo nyingi za siku zile zilivuma zikapotea, wala hazikustahili kudumu. Lakini si kila kinachopotea hupotea kwa ubaya wake; vingine hupotea kwa uzembe wetu. Utepe wa kanda huoza kwa unyevu na joto. Watu wa Kibera na Kawangware hawakuandikiwa vitabu vingi vya historia; maneno yao ya miaka ile yamo kwa sehemu kubwa katika tepe hizo. Zikiisha, mtoto wa kesho atajua nani alitawala, lakini hatajua kijana wa mtaani alicheka nini wala alilia nini.

Basi, msomaji, nakuachia kazi. Katika nyumba moja ya Nyayo Highrise, au pengine kwenu, chini ya kitanda cha mjomba au shangazi, limo sanduku la kanda. Liombe kwa adabu. Isikilize albamu moja tangu mwanzo hata mwisho, bila kuruka wimbo. Jiulize: mwimbaji amechagua lugha gani, na kwa nini? Wimbo upi umetangulia, na upi umefunga? Ni jambo gani analolisema hapa na kulikana pale? Tena usimwamini kwa kila neno, kwani msanii hutia chumvi. Pima maneno yake kwa kumwuliza mwenye sanduku mambo yalikuwaje, uandike majibu yake.

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Walioviunda vyombo hivi wengine wamekwisha kufa, na wengine ni watu wazima wanaopita njiani bila kutambuliwa. Kuwasikiliza kwa makini ndiyo shukrani tunayoweza kuwapa.