Mfumo wa takwimu za afya hubadilishwaje bila kuandikwa upya?

Mama wa Ngonga, wilayani Kyela, anapompeleka mtoto zahanati, mhudumu huandika taarifa zake katika kitabu cha MTUHA. Mwisho wa mwezi idadi ya wagonjwa hujumlishwa, kisha jumla huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao ulienea Tanzania Bara yote mwaka 2013. Takwimu hizo husaidia kuonyesha wapi malaria imezidi na wapi huduma zinapungua.

Lakini mambo hubadilika. Mwaka 2016 Mkoa wa Mbeya uligawanywa: jirani zetu wa Ileje wakaingia Mkoa mpya wa Songwe, Kyela ikabaki Mbeya. Mwaka 2018 wasichana wa miaka 14 walianza kupewa chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi. Je, kila mara programu iandikwe upya?

Ramani na mashine

Hapana. DHIS2, iliyotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, imetenganisha sehemu mbili. Ya kwanza ni ramani: orodha ya mikoa, wilaya na vituo, fomu za kujaza, na kanuni za kukokotoa. Ya pili ni mashine, yaani programu yenyewe, ambayo husoma ramani na kuifuata.

Chanjo mpya ikija, msimamizi huongeza kisanduku kwenye fomu. Wilaya ikihama mkoa, huhamishwa kwenye orodha pamoja na vituo vyake. Mashine haiguswi. Ndiyo maana programu hiyo hiyo hutumika pia Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi, kila moja ikiwa na ramani yake.

Hatari yake

Wepesi huu una gharama. Kosa moja kwenye ramani husambaa nchi nzima kwa mara moja. Mkoa ukigawanywa, jumla yake hushuka hata kama hakuna mgonjwa aliyepungua. Asiyejua atadhani malaria imepungua. Kwa hiyo mabadiliko hujaribiwa kwanza pembeni, na tarehe yake huandikwa.

Unaposikia redioni kwamba ugonjwa fulani umepungua mkoani, uliza kwanza: mipaka na namna ya kuhesabu ni ile ile ya mwaka jana?