Mtoto wa James Mill na ratiba ya mpwa wangu

Niliadimika kidogo, kazi za chumba cha habari zimenibana. Juzi dada yangu kaniongezea nyingine. Mwanawe ana miaka minne na nusu, na anasoma vichwa vya habari vya gazeti letu kabla mimi mwenyewe sijalikunjua. Kwenye shule ya vidudu aliyokuwa akienda walikuwa bado wako kwenye a, e, i, o, u, mtoto akawa anasinzia. Dada kamtoa. "Mdogo wangu, wewe umefika chuo kikuu. Nipangie masomo nimfundishe hapa hapa nyumbani mpaka aanze darasa la kwanza."

Nikachukua karatasi, nikachora ratiba. Saa mbili hesabu, saa tatu Kiingereza, saa nne sayansi. Nilipofika saa tisa alasiri ndipo nikamkumbuka John Stuart Mill, nikaweka kalamu chini.

Huyu alizaliwa London mwaka 1806. Baba yake, James Mill, mtoto wa fundi viatu wa Scotland, aliishi kwa kalamu kama sisi, na mwaka huo huo alianza kuandika historia ya India. Hakumpeleka mwanawe shule. Akiwa na miaka mitatu alimwanzishia Kigiriki kwa vikaratasi vyenye neno na maana yake. Kilatini akaanza na miaka minane, na akatakiwa awafundishe wadogo zake.

Kuna jambo moja hapo linanigusa. Wakati ule hapakuwa na kamusi ya Kigiriki kwa Kiingereza ya kumpa mtoto, hivyo kila neno lililomshinda ilibidi amuulize baba, aliyekuwa kakaa meza hiyo hiyo akiandika kitabu chake. Na James Mill hakuwa mtu wa subira hata kidogo! Lakini alikatizwa, akajibu, akaendelea. Asubuhi walitembea pamoja kabla ya chai, mtoto akisimulia alichosoma jana yake. Hesabu ilikuwa jioni, na hiyo hakuipenda.

Tatizo ni yale yaliyokosekana. Watoto wenzake alizuiwa kuchanganyika nao. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza kama yote aliyoyapigania yakitimia atakuwa na furaha. Jibu likawa hapana. Akaishi miezi kadhaa gizani bila kumwambia baba yake. Tawasifu yake ilitoka mwaka 1873, baada ya kufa kwake, na humo anasema baba yao alipungukiwa upole kwa wanawe. Mama yake hakumtaja kabisa.

Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefiwa na mama akiwa bado mchanga, alikwenda njia nyingine. Mwaka 1837, huko Blankenburg, alianzisha mahali pa watoto wadogo kujifunza kwa kucheza: mipira ya sufi, vipande vya mbao vya kujengea, nyimbo, na kibustani ambacho kila mtoto alikuwa na kipande chake. Mwaka 1840 akapaita "bustani ya watoto". Serikali ya Prussia ikapiga marufuku mwaka 1851, sehemu kwa sababu ya maandishi ya mtoto wa kaka yake. Mzee akafa mwaka uliofuata, marufuku haijaondolewa, iliondolewa 1860.

Basi ratiba yangu nimeichana. Nilichompelekea dada ni nusu ukurasa: asubuhi waende wote gengeni, mtoto ahesabu nyanya na chenji na asimulie alichosoma jana, kipande cha ardhi nyuma ya jiko apande mchicha wake, mchana wote acheze na watoto wa jirani. Na akiuliza neno ajibiwe hapo hapo, hata kama mboga inaungua.

"Hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu?" dada kaniuliza.

Jana alikuja naye kwangu nikiwa namalizia habari, mhariri kashapiga simu mara mbili. Mtoto akanivuta shati, kidole kwenye ukurasa wa mbele.

"Mjomba, ufisadi ni nini?"

Mhariri alisubiri robo saa.