Bilauri za Mtakatifu Hedwig

Kati ya vyombo vya nyumbani ni vichache vinavyodharauliwa kama bilauri ya maji. Ikivunjika, mama anafagia vipande, anawaonya watoto wasikanyage, basi. Lakini huko Ulaya ziko bilauri chache, zipatazo 14 hivi, zilizotunzwa miaka 800, nazo huitwa kwa jina la mwanamke mmoja.

Hedwig alizaliwa mwaka 1174, akaolewa na Henri Mwenye Ndevu, mtawala wa Silesia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Polandi. Masimulizi ya kale yasema kwamba mumewe alikasirika kwa sababu mkewe alikunywa maji matupu, akihofu ya kuwa yatamletea ugonjwa. Siku moja akamjia ghafula mezani, akaitwaa bilauri yake na kuonja, akakuta divai. Hedwig alikufa mwaka 1243, na mwaka 1267 Papa Klementi IV akamtangaza kuwa mtakatifu.

Bilauri zenyewe ni za kioo kizito, chenye rangi ya moshi au ya manjano kidogo. Fundi hakuchora juu juu tu. Alikisaga kioo kwa gurudumu mpaka simba, tai na majani vikajitokeza. Kazi ya kuchosha kweli, maana mkono ukiteleza mara moja tu, chombo chaweza kupasuka! Wataalamu wanabishana hata leo: wengine wasema zilitoka Misri au Siria, wengine Sisilia. Yawezekana kabisa kwamba waliozichonga walikuwa Waislamu. Wakristo walizipokea kwa heshima, wakatia baadhi yake miguu ya fedha, wakahifadhi ndani yake masalia ya watakatifu. Mbili ziko Namur, katika Ubelgiji, nchi walikotoka wamisionari wengi wa kwetu. Wala hakuna hata moja iwezayo kuthibitishwa kwamba Hedwig mwenyewe aliinywea.

Iliyoko Amsterdam yanipendeza kuliko zote. Mwaka 1643 ilitolewa zawadi kwa mtawala mmoja wa Ujerumani, Ludwig Philipp, na katika kioo chake yakachorwa maneno ya kusema kwamba bilauri hiyo ina umri wa miaka elfu. Si kweli, haikuwa imefika hata 600. Lakini ni nani kati yetu asiyepata kumsikia mzee akihesabu hivyo miaka ya kigoda cha babu yake?