Ilimradi Nini?

Likasi, mji wa shaba huko Katanga, Kongo, kazi ni neno kubwa. Tangu kiwanda cha Shituru kianze kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, mwenye kazi alikuwa mtu wa kampuni ya Union Minière, na baada ya 1967 mtu wa kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Anaingia zamu, anatoka, na kesho zamu iko palepale. Bwawa la Mwadingusha, lililojengwa kwenye mto Lufira ili kuvipatia viwanda umeme, lilikuwa jambo la namna nyingine: lilianza, likakamilika 1930, wajenzi wakakabidhi, wakaondoka. Huo ndio mradi. Mitambo ilipochakaa, kuibadilisha kukawa mradi mwingine, nao ukafikia mwisho wake mwaka 2021.

Tatizo ni kwamba neno lenyewe halitaji mwisho. Mradi limetoka katika Kiarabu kwa maana ya kitu kinachotakiwa, makusudio. Ndiyo maana mama wa Dar es Salaam mwenye "mradi wa kuku" hakosei, ingawa anatumaini kuku wake hawataisha kamwe. Wasimamizi wa miradi wamelipunguza neno: makusudio yawe na siku ya kuanza, siku ya kukabidhi na fedha zilizohesabiwa.

Kwa mipaka ya kazi yenyewe Kiswahili kina upeo, pale jicho linapokoma kuona. Upeo, muda na gharama huvutana. Ukigusa kimoja, viwili vinatikisika. Njia ya umeme ya Inga–Shaba iliyaonyesha hayo waziwazi. Ilianza kushughulikiwa 1973, iutoe umeme Inga, kwenye mto Kongo, hadi Kolwezi, takriban kilomita 1,700, kwa ajili ya migodi. Katikati ya safari bei ya shaba ikaanguka. 1977 na 1978 vita vikaingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Hizo ndizo hatari, na mwanafunzi wa usimamizi wa miradi hufundishwa kuziorodhesha kabla hazijabisha hodi. Njia ilikamilika 1982, ikiwa imechelewa na kugharimu zaidi kuliko ilivyopangwa.

Wadau ni neno jingine la fani hii: kila anayeguswa na mradi, si mwenye fedha tu. Nyaya za Inga zilipita juu ya vijiji vingi ambavyo viliendelea kuwasha koroboi. Umeme ule ni wa mkondo mnyoofu, wenye volti kubwa mno, na kuuchota njiani kunahitaji kituo cha gharama nzito. Upeo uliochorwa ulikuwa migodi.

Mradi lina mtoto mtundu, ilimradi. Kwa sarufi huleta sharti: nenda, ilimradi urudi mapema. Mitaani limelegea, na kitu kilichofanywa "ilimradi tu" ni kitu cha ovyo. Anayeanza usimamizi wa miradi alirudishie neno hilo sharti lake, alimalizie kwa maandishi kabla hajanunua hata msumari. Inga–Shaba ilikuwa na jibu: ilimradi umeme ufike migodini. Ulifika. Jibu hilo lilihitaji maneno mawili zaidi, "na vijijini", na mahali pa kuyaandika palikuwa kwenye karatasi, kabla ya nguzo ya kwanza.