Ubaguzi Mashuleni: Tulikotoka na Yatupasayo Leo



Taarifa ya mwaka huhesabu fedha zilizoingia na kazi zilizotendeka. Lakini si vibaya pakawepo humo ukurasa mmoja wa kukumbushana, kwani chama kisichojua kilikotoka hakiwezi kujua kinakokwenda.

Katika zama za ukoloni shule za Kenya ziligawanywa kwa rangi. Zilikuwako za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na fedha zilizotumiwa kwa mtoto mmoja wa Kiafrika zilikuwa chache kuliko za wengine wote. Mombasa, Shule ya Allidina Visram ilifunguliwa mwaka 1923 kwa watoto wa Kihindi. Mtoto wa Diani au Msambweni aliyevuka kivuko cha Likoni aliweza kuitazama kuta zake, asiweze kuketi ndani yake. Huku Udigoni shule ya Serikali ya Waa ndiyo iliyokuwa tegemeo letu, kwa maana wazazi wengi Waislamu walichelea kuwapeleka watoto wao misheni.

Madhara makubwa ya mpango ule hayakuwa majengo tu. Jina la mtu katika daftari la Serikali ndilo lililoamua kodi yake na shule ya mwanawe. Kwa hiyo watu waliosali msikiti mmoja na kuoana wakaanza kushindana ni nani aandikwe Mwarabu na nani aandikwe mwenyeji. Watoto wakayasikia maneno hayo majumbani, wakayachukua mpaka uwanja wa michezo.

Hata hivyo walikuwako waliojaribu njia nyingine. Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, maarufu kwa jina la MIOME, kilipoanza kufundisha mwaka 1951, kiliwapokea vijana wa Kiafrika, Kiarabu na Kihindi pamoja. Mlango wake ulikuwa wa Waislamu peke yao, lakini ndani ya karakana kazi ya mkono ndiyo iliyopimwa, si nasaba. Kisha, baada ya Uhuru, Tume ya Elimu ya Profesa Simeon Ominde ilishauri mwaka 1964 kwamba shule za rangi zikomeshwe.

Sheria iliondoka, ulimi ulibaki. Nasi yatupasa tuseme kweli, kwani nyani haoni kundule. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi. Wakazaa na kujukuu kwetu Kwale, lakini wakabaki bila vitambulisho. Watoto wao walipata taabu ya vyeti vya kuzaliwa, na kwa sababu hiyo taabu ya mitihani pia. Chale za nyuso za wazee wao zikafanywa mzaha. Aliyefanya mzaha huo hakuwa Mzungu, alikuwa jirani.

Oktoba 2016 mamia yao walishika njia kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wamepata karatasi. Heshima darasani haitolewi na Serikali. Hutolewa na sisi.

Kwa hiyo tunawasihi wanachama mambo matatu. Kwanza, msaada wa karo wa chama utolewe kwa uhitaji wa mtoto, asiulizwe kabila wala asili ya babu yake. Pili, mzee aketiye katika halmashauri ya shule asikubali tusi la ukoo au la utumwa lipite kuwa ni utani wa watoto. Aliyetukana aitwe pamoja na mzazi wake, na aliyetukanwa asikilizwe kwanza. Tatu, tuchunge vinywa vyetu barazani, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Babu zetu walizuiliwa mlangoni mwa shule kwa sababu ya kuzaliwa kwao. Haifai wajukuu wao wawe mabawabu wa mlango uleule.