Sauti ya Bweni: Uhuru wa Kusema wa Vikundi vya Wanafunzi Makerere

Katika Chuo Kikuu cha Makerere kila mwanafunzi ni wa bweni fulani, hata anayelala nje ya chuo. Bweni lina viongozi wake, nyimbo zake, utani wake na alama zake. Wanaume wa Lumumba wana Gongom, sanamu ya chuma inayojulikana kwa kutangulia migomo, na udugu wao na wanawake wa Mary Stuart unaitwa Lumbox. Vyuo vya Marekani vina vyama vya udugu vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Sisi tuna mabweni. Insha hii inauliza kama kikundi cha namna hii kina haki ya kusema, au haki hiyo ni ya mwanafunzi mmoja mmoja tu. Hoja yangu ni kwamba historia yetu ina kosa linalojirudia: wenye mamlaka hushindwa kutenganisha maneno na fujo, na adhabu huangukia maneno.

Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligomea chakula kibaya. Malalamiko yalihusu sahani, lakini utawala wa kikoloni uliyasikia kama siasa. Kiongozi wao, Abu Mayanja, ambaye mwaka huohuo alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress, alifukuzwa chuoni. Kufukuzwa hakukumnyamazisha. Alisoma Cambridge, akarudi, na mwaka 1968 serikali ya Obote ilimkamata kwa sababu ya barua aliyoiandikia jarida la Transition, lililochapishwa hapa Kampala.

Majirani zetu wana somo linalofanana na hilo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na USARF, kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichoanzishwa mwaka 1967 na kuongozwa na Yoweri Museveni, ambaye leo ni Rais wa Uganda. Novemba 1970 kikundi hicho na jarida lake, Cheche, vilipigwa marufuku, ingawa silaha yao ilikuwa kalamu. Haukupita muda mrefu kabla ya mjadala uleule kuendelea katika jarida jingine, MajiMaji, la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni hapo.

Hapa Kampala gharama ilikuwa kubwa zaidi. Machi 1976, wakati wa Idi Amin, mwanafunzi wa sheria, Paul Serwanga, aliuawa kwa risasi Wandegeya, na wenzake wakaandamana. Tarehe 10 Desemba 1990, katika mgomo uliotokana na kuondolewa kwa posho, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi wawili ndani ya chuo. Amin alikuwa amekwishaondoka, lakini mkusanyiko wa wanafunzi bado ulijibiwa kwa bunduki.

Katiba ya 1995 ilikusudiwa kubadili hali hiyo. Ibara ya 29 inalinda uhuru wa kusema, uhuru wa kitaaluma, uhuru wa kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na uhuru wa kujiunga na vyama. Kwamba haki hizi zimewekwa katika ibara moja si jambo dogo: wanyonge husikika wanaposema pamoja. Mwaka 2008, katika kesi ya Muwanga Kivumbi, Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha Sheria ya Polisi kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mkutano kabla haujafanyika.

Wanaopinga hoja yangu wana jambo la kweli. Baadhi ya nyimbo za mabweni ni matusi matupu kwa wanawake, na ugomvi kati ya mabweni umeumiza watu. Julai 2022 mwanafunzi wa chuo kingine aliuawa katika kampeni za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi wa Makerere. Uongozi wa chuo ulisimamisha uchaguzi, kisha ukapiga marufuku mikutano ya kampeni ya ana kwa ana na kuhamishia kura mtandaoni. Nakubali kwamba chuo kina wajibu wa kulinda uhai.

Hata hivyo, aliyeua ni mtu, na sheria ya jinai inamtosha. Aliyeimba ni mtu mwingine. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba Chuo Kikuu cha George Mason hakikuwa na haki ya kukiadhibu chama cha udugu kwa mchezo wa jukwaani uliodhalilisha wanawake na watu weusi. Mchezo ulichukiza, lakini ulikuwa maoni, na chuo kilibaki huru kuulaani kwa sauti yake chenyewe. Si lazima tuige kila kitu cha Marekani. Ibara ya 43 ya Katiba yetu inaruhusu mipaka pale haki za wengine zinapoingiliwa. Lakini ibara hiyohiyo inataka mipaka hiyo iwe ile inayokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Kumfukuza aliyepiga mwenzake kunatimiza sharti hilo. Kuwazuia maelfu wasimsikilize mgombea pale Freedom Square, kwa sababu ya kosa wasilolitenda, hakulitimizi.