Barafu ya ziwa na mchanga wa laga: utajuaje pa kukanyaga?

Watu wengi waliokulia Kakuma leo wanaishi kando ya maziwa yanayoganda. Kambi ilianzishwa mwaka 1992. Kuanzia mwisho wa mwaka 2000, vijana zaidi ya 3,000 waliokimbia vita kusini mwa Sudan walipandishwa ndege kwenda Marekani, na baadhi yao wakaishia Fargo kule North Dakota, wengine Michigan. Baada yao Wasomali, Wakongo na wengineo wakafuata, hadi Minnesota na Canada. Huko mwezi wa Januari watu hutembea juu ya ziwa, huteleza kwa viatu vya chuma, hutoboa shimo wakavua samaki, na wengine huegesha gari juu ya maji yaliyoganda.

Hapa Kenya jambo hilo ni geni. Barafu yetu iko Mlima Kenya, ambako chini ya barafu ya Lewis kuna kidimbwi kinachoitwa Curling Pond, jina la mchezo wa Waskoti wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Ukitoka hapo, barafu ni ya friji.

Kwa hiyo jamaa walioko ng'ambo huniuliza mimi ninayeandika programu hapa Lodwar: hakuna hesabu ya kuniambia kama ziwa hili litanibeba? Ipo. Historia yake ni tamu, na ina somo kwetu sisi tunaovuka laga kila siku.

Barafu hunenepa kwa kuchelewa

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 hivi. Yakipoa chini ya hapo huwa mepesi, hubaki juu. Ndiyo maana ziwa huganda kuanzia usoni na chini maji hubaki maji. Barafu ikishatanda hugeuka blanketi: joto la maji lazima lipite ndani yake ndipo litoke hewani. Blanketi likiwa nene, joto hutoka polepole, na barafu huchelewa zaidi kuongezeka.

Aliyeandika hesabu yake kwa namna inayotumika hadi leo ni Josef Stefan, profesa wa fizikia Vienna, mwaka 1891, akitumia vipimo vilivyoletwa na misafara ya Aktiki. Kila siku chukua nyuzi zilizo chini ya sifuri, uzijumlishe tangu ziwa lianze kuganda. Siku 5 za nyuzi 5 chini ya sifuri ni jumla ya 25. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, uzidishe kwa 2 hivi:

unene (sentimita) = 2 x kipeuo cha pili cha jumla ya baridi

Kwa 25 utapata sentimita 10. Ukitaka sentimita 20 unahitaji jumla ya 100, yaani baridi mara nne. Ile 2 ni ya kukadiria. Ziwa lenye upepo bila theluji hupata zaidi, lililofunikwa na theluji nyingi au lenye mkondo hupata pungufu sana.

Unene upi unabeba nini?

Swali hili liliwahi kuwa la kufa na kupona kwenye ziwa Ladoga, Urusi. Mji wa Leningrad ulizingirwa na jeshi la Ujerumani Septemba 1941, na njia ya kuupelekea chakula ikawa ziwa lenyewe. Malori ya kwanza yalivuka barafu tarehe 22 Novemba 1941. Kabla yake walitumwa watu wa kutoboa na kupima, kisha farasi na mikokoteni. Kufikia Aprili 1942 watu zaidi ya nusu milioni walikuwa wametolewa mjini kwa njia hiyo.

Malori mengi yalizama, na wanafizikia wakagundua kwamba uzito haukuwa sababu pekee. Lori likienda hutengeneza wimbi kwenye maji yaliyo chini ya barafu. Mwendo wa lori ukilingana na mwendo wa wimbi, barafu huyumba mpaka ipasuke. Lori lile lile, barafu ile ile, mwendo tofauti: moja linavuka, jingine linazama.

Hesabu inayotumika zaidi leo ilitoka Canada. Mwaka 1971 Lorne Gold, mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo, alichapisha kazi iliyojengwa juu ya taarifa za watu waliopitisha mizigo juu ya barafu, wakiwemo wakataji miti wa viwanda vya karatasi. Taarifa ziliandika unene, uzito, na kama mzigo ulivuka au ulizama. Akachora nukta zote kwenye karatasi moja. Ukichagua upande wa tahadhari:

mzigo (kilo) = 4 x unene x unene

Sentimita 10 ni kilo 400. Sentimita 20 ni kilo 1,600. Idara ya Maliasili ya Minnesota hutaka sentimita 10 hivi za barafu safi kwa mtu mmoja tu anayetembea, kwa hiyo imeacha nafasi kubwa, na inakumbusha kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100.

Sasa ziweke hesabu mbili pamoja, kama mtu anayefupisha programu. Ya Stefan ina kipeuo, ya Gold ina mraba. Vinafutana! Kinachobaki ni mzigo = 16 x jumla ya baridi. Mstari mmoja tu wa programu.

Lakini ndugu zangu wa Minnesota, msiutumie mstari huo kuingia ziwani. Unawaambia ni wiki gani ya kwenda kupima. Kupima kwenyewe ni kwa kutoboa, tena mara nyingi kadiri unavyosonga mbele. Barafu nyeupe yenye theluji ndani ihesabuni nusu. Kaeni mbali na mahali mto unapoingia, chini ya madaraja na penye chemchemi. Gari lililoegeshwa muda mrefu ni hesabu nyingine, kwa sababu barafu hubonyea polepole. Na barafu inayoanza kuyeyuka msimu unapogeuka inaweza kuwa nene na bado ikavunjika.

Turudi kwenye mchanga

Laga ya Kawalase inaingia mto Turkwel hapa Lodwar. Tarach inapita Kakuma, kandokando ya kambi. Kwa muda mwingi wa mwaka ni mchanga: watoto wanacheza, mbuzi wanapita, akina mama wanachimba visima. Lodwar hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Halafu siku moja, jua likiwaka, maji yanafika kutoka kwenye mvua iliyonyesha milimani na ambayo aliye mchangani hakuiona.

Laga na ziwa lililoganda vinafanana kwa kuwa uso wa vyote viwili unadanganya. Tofauti ni hii: hatari ya barafu iko chini ya miguu yako, na ukitoboa utaiona. Hatari ya laga iko mbali sana, juu ya mto. Chimba mchanga utakavyo, hautakwambia kitu.

Yakishafika, maji nayo yana mraba wao. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huonya kwamba sentimita 15 tu za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zikabeba gari dogo, na 60 zikasomba hata gari kubwa. Kwa kifupi, maji yanayokimbia hayajaribiwi kwa mguu wala kwa bodaboda.

Turkwel inaanzia Mlima Elgon, na tangu 1991 ina bwawa ambalo kina chake hupimwa. Ndiyo maana mwaka 2020, maji yalipokaribia kujaa, iliwezekana kuwaonya watu walio chini yake kabla ya lolote kutokea. Kawalase haina bwawa la namna hiyo. Tunachotegemea ni wazee na wachungaji: radi imepiga upande gani, mvua ya kule huchukua muda gani kufika hapa. Elimu hiyo ni vipimo halisi, sawa na vya wakataji miti wa Canada. Ila imekaa vichwani, na mzee akizikwa huzikwa nayo.

Wenzangu wa kompyuta wakisikia habari hii hukimbilia mitambo ya kupima maji, betri na laini za simu. Naipenda kazi hiyo. Lakini Gold alianza na taarifa za watu wa kazi. Sisi tunaweza kuanza na daftari la safu tano: tarehe, upande mvua au radi ilikoonekana, saa ilipoonekana, saa maji yalipofika, na kina kwenye nguzo ya daraja. Mwalimu anaweza kulijaza, mwendesha bodaboda pia, na mkimbizi anayeishi ukingoni mwa Tarach anaweza kuliko sisi sote.

Na jambo moja lisisahaulike. Andikeni pia siku ambazo radi ilipiga na maji hayakuja. Karatasi ya Gold ina maana kwa sababu ina nukta za waliovuka na za waliozama. Tukiandika mafuriko tu, tutapata onyo linalolia kila wingu likionekana, na baada ya mwezi hakuna atakayelisikiliza.

Misimu michache ya daftari kama hilo, na tutaanza kujua mvua ya upande gani huleta maji, na baada ya saa ngapi. Hapo ndipo programu itakuwa na kitu cha kuhesabu, na ujumbe wa simu utamfikia mtu kabla hajashuka mchangani.

Mpaka siku hiyo: ukiona radi milimani, usipumzike ndani ya laga, na ukikuta maji yanakimbia, kaa ukingoni. Hupungua, hata kama utalala upande usio wako.

Kama una mzee anayeijua Kawalase au Tarach, kaa naye jioni moja ukiwa na kalamu. Ukipata safu hata mbili za lile jedwali, nitumie. Nitaanza kuzipanga.